ADA ZA UJENZI NA KANUNI ZA MAJENGO: MAOMBI NA AHADI ZA WAJENZI WA NYUMBA ZA KUISHI

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na msemaji wa wajenzi wa nyumba za kuishi mbele ya watumishi wa Serikali, Masheha na wananchi wa Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wote.

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Viongozi,
Ndugu Watumishi wa Serikali,
Ndugu Masheha,
Ndugu Wananchi,



Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema, aliyetujaalia uhai na afya njema hata tukaweza kukutana siku ya leo. Pili, natoa shukurani za dhati kwa waandaaji wa mkutano huu kwa kutupa nafasi sisi wajenzi, yaani mafundi, wasimamizi wa ujenzi na wananchi wanaojijengea nyumba zao wenyewe, ili tuseme yaliyomo mioyoni mwetu kuhusu ada tunazotozwa na kanuni tunazotakiwa kuzifuata.

Ndugu Mwenyekiti, napenda kulieleza jambo moja mapema ili nisije nikafahamika vibaya. Sikuja hapa kuomba kanuni zifutwe, wala ada ziondolewe. Mjenzi anayetaka kanuni zifutwe hajui anachokitaka. Nimekuja kusema kwamba ada na kanuni hufuatwa kwa moyo mkunjufu pale mwananchi anapoona kwa macho yake anachokilipia, na pale anapoweza kukitimiza anachoamrishwa. Yakikosekana mawili hayo, mwananchi hujenga usiku, na nyumba iliyojengwa usiku ndiyo inayomwangukia mwenyewe mchana.

Ndugu Wananchi, sote tunazijua sababu za kanuni. Tarehe 25 Disemba, 2020 sehemu ya jengo letu mashuhuri la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, iliporomoka wakati likifanyiwa matengenezo, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Wenzetu wa Dar es Salaam hawajaisahau tarehe 29 Machi, 2013, siku lilipoanguka jengo la ghorofa katikati ya mji na kuua watu 36. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Aliyepatwa na msiba wa namna hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini mkaguzi anakuja kuangalia nondo kabla ya zege kumwagwa.

Kwa hiyo sisi mafundi tuanze na makosa yetu wenyewe. Wapo miongoni mwetu wanaochanganya zege kwa mchanga wa pwani usiooshwa, hali ya kuwa wanajua kuwa chumvi huila nondo kutoka ndani, na baada ya miaka michache nguzo hupasuka na kumwaga kokoto. Wapo wanaoutoa mfuko mmoja wa saruji matofali mengi kupita kiasi, mpaka tofali likidondoka kutoka mkononi hugeuka kuwa mchanga tena. Wapo wanaomwaga zege asubuhi na kuliacha likaushwe na jua bila ya kulimwagilia maji, na ilhali kila fundi aliyefunzwa anajua kuwa zege linahitaji kubaki na unyevu kwa muda usiopungua siku saba. Hakuna ada iliyowalazimisha kufanya hayo. Ni tamaa na uvivu, na tunayakiri mbele yenu.

Baada ya kuyakiri yetu, Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niruhusiwe kuyasema yanayotukwaza.

Mwaka 1955, ilipotungwa Amri ya Mipango ya Miji na Vijiji, visiwa vyetu vilikuwa na watu wachache. Hesabu ya mwaka 1958 iliwapata watu 299,111 kwa Unguja na Pemba pamoja. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,303,569, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu watu 1,889,773. Maana yake ni kuwa katika miaka kumi tu waliongezeka watu 586,204, ambao ni karibu mara mbili ya watu wote waliokuwepo visiwani mwaka 1958. Watu hao wote wanalala mahali. Serikali imejenga nyumba za maendeleo, na majumba ya Michenzani, Kikwajuni na Kilimani ni ushahidi; lakini sehemu kubwa ya nyumba wanazokaa wananchi zimejengwa na wananchi wenyewe, chumba baada ya chumba, kwa mshahara mdogo, kwa fedha za karafuu au mwani, na kwa msaada wa ndugu walioko ng'ambo ya bahari.

Naomba tuichukue njia anayopita mwananchi wa kawaida. Tuseme ni mwalimu wa skuli. Amepata kiwanja kutoka kwa mtu aliyerithi shamba la eka tatu, miongoni mwa yale yaliyogawiwa kwa wakulima baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Wameandikiana karatasi mbele ya Sheha na mashahidi. Kwa macho ya majirani, kiwanja ni chake. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa utaratibu uliowekwa. Shamba la eka tatu lilitolewa kwa kilimo, halikutolewa kwa kukatwa viwanja. Mwalimu wetu anapokwenda kuomba kibali cha ujenzi, huulizwa hati. Hati hana. Akienda kuiomba hati, huulizwa ramani ya upimaji. Upimaji una malipo yake. Kila dirisha analofika hupewa jina la dirisha jingine, na kila dirisha lina ada yake. Wakati huo huo anaendelea kulipa kodi ya nyumba anayopanga, na watoto wanakua.

Mwisho wa safari hiyo, Ndugu Mwenyekiti, mwalimu hujenga bila ya kibali. Huanza siku ya mapumziko, wakati ofisi zimefungwa. Huharakisha msingi, maana msingi ukishatoka ardhini mwenye nyumba huona amepata kauli. Hamwiti mkaguzi, kwa sababu kumwita mkaguzi ni kujishitaki. Na hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko zote: Serikali imekosa ada, na nyumba imekosa jicho la mtaalamu katika siku ambayo jicho hilo lilihitajika zaidi, siku ya msingi. Mkaguzi hufika baadaye, kuta zikiwa zimesimama, akiwa na rangi nyekundu ya kuchora alama ya X. Alama hiyo haiwezi kurekebisha msingi mbovu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunausubiri ukuta usimame ndipo tuutafute ufa.

Pengine mtu atasema kuwa malalamiko ya namna hii ni mambo mapya yaliyoletwa na watu wa siku hizi. Sivyo. Mji huu una historia yake. Katika miaka ya 1920, wakaazi wa Ng'ambo walikuwa wakimiliki nyumba zao za udongo na makuti, lakini viwanja vilikuwa vya wengine, nao wakilipa kodi ya kiwanja. Kodi ilipopandishwa kupita uwezo wao, waligoma kulipa mwaka 1928, wakiwemo wanawake wengi waliokuwa wamiliki wa nyumba. Mgomo ule haukuwa wa watu wasiotaka kulipa chochote. Ulikuwa wa watu walioona malipo yanapanda na mtaa wao unabaki vile vile, bila ya mitaro wala taa. Serikali ya kikoloni ya wakati ule ililazimika kuweka sheria ya kuzuia kodi hizo zisipandishwe ovyo. Babu na bibi zetu, kwa hiyo, walikwishauliza suali ninalouliza leo: tunalipa kwa ajili ya nini?

Suali hilo limeulizwa hata katika nchi kubwa. Huko Marekani serikali za mitaa zina desturi ya kuwatoza wajenzi ada maalumu ya maendeleo, ili kugharamia barabara, maji, mitaro na skuli zitakazohitajika kwa sababu ya nyumba mpya. Wajenzi wa huko walilalamika kwa miaka mingi kuwa ada hizo haziendani na mzigo halisi wa nyumba. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema mwaka 1987, katika kesi ya familia ya Nollan dhidi ya kamisheni ya pwani ya California, kwamba sharti analowekewa mwenye kuomba kibali lazima liwe na uhusiano na madhara ambayo ujenzi wake utaleta. Mwaka 1994, katika kesi ya Bi. Florence Dolan dhidi ya mji wa Tigard, Oregon, iliongeza kuwa sharti hilo lazima lilingane kwa kiasi na madhara hayo. Na mwaka 2024, katika kesi ya Bw. George Sheetz, aliyetozwa zaidi ya dola 23,000 za barabara kwa ajili ya nyumba moja ndogo iliyotengenezwa kiwandani, mahakama hiyo hiyo ilisema kwa kauli moja kuwa ada haiepuki kipimo hicho kwa sababu tu imewekwa na baraza la kutunga sheria. Haikusema ada ni haramu. Ilisema ada ipimwe.

Sheria za Marekani si sheria zetu, na ardhi yao si kama ardhi yetu. Lakini kipimo chenyewe ni cha haki, na mtu yeyote aliyewahi kugawana gharama za kisima na jirani yake anakijua. Naomba niwape mfano wa mvua. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati, hutoa lita moja ya maji. Nyumba ndogo yenye paa la mita 60 za mraba, ikinyeshewa milimita 50 kwa siku moja ya masika, humwaga lita 3,000. Jumba lenye paa la mita 600 za mraba humwaga lita 30,000 kwa mvua hiyo hiyo. Maji yote hayo, kama hayana mtaro, huteremka bondeni na kuingia katika nyumba za watu. Wakaazi wa sehemu za chini za mji, zikiwemo za Mwanakwerekwe, wanayajua maji hayo kwa kina chake. Basi ikiwa kuna ada ya mtaro, mwenye lita 3,000 na mwenye lita 30,000 wasilipe sawa. Na ikishalipwa, mtaro na uonekane.

Kuhusu kanuni nako kuna la kujifunza, na hapa mfano wetu uko jirani zaidi. Kenya ilikuwa na kanuni za majengo za mwaka 1968 zilizofuata mtindo wa Uingereza. Kanuni hizo zilitaja vifaa vya aina fulani, na asiyeweza kuvinunua akawa mvunja sheria hata kama kuta zake ni imara. Baada ya shinikizo la wataalamu na wananchi, kanuni zile zilirekebishwa mwaka 1995, zikaanza kuuliza ukuta unafanya kazi gani badala ya kuuliza umejengwa kwa kitu gani. Je, unabeba paa? Je, unazuia mvua? Je, unastahimili moto? Kama jibu ni ndiyo, basi vifaa vya bei nafuu viruhusiwe.

Sisi Wazanzibari tuna haki zaidi ya kuuliza hivyo. Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti za mikoko. Saruji inavuka bahari kuja kwetu, na nauli yake inalipwa na mjenzi. Mchanga nao umekuwa adimu, na mashimo yaliyochimbwa katika mashamba yetu yanaonyesha tulivyokuwa tukiuchota bila ya hesabu. Simaanishi kuwa sote turudi katika kuta za udongo, na mikoko nayo ina mipaka yake, kwani tukiikata yote bahari itatufuata nyumbani. Ninachosema ni kuwa kanuni itambue chokaa iliyochomwa vizuri, itambue tofali la udongo lililoshindiliwa kwa saruji kidogo, na itoe vipimo vya kuvitumia kwa usalama. Fundi akipewa kipimo atakifuata. Akipewa katazo tupu atalizunguka.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya maelezo hayo naomba kuwasilisha maombi yetu matano.

Kwanza, ada zote zinazohusu ujenzi wa nyumba ya kuishi zitangazwe katika orodha moja, zibandikwe katika kila ofisi ya Sheha, na zilipwe katika dirisha moja kwa stakabadhi moja. Mwananchi ajue kabla hajanunua jiwe la kwanza ni kiasi gani atadaiwa, na baada ya hapo asidaiwe zaidi.

Pili, ada ilingane na ukubwa na mzigo wa jengo. Nyumba ya kuishi ya familia moja isitazamwe kwa jicho linalotazamia hoteli.

Tatu, sehemu ya fedha inayokusanywa katika shehia irudi katika shehia hiyo kwa njia ya mitaro, njia za kupita na ukusanyaji wa taka; na kila mwaka wananchi wasomewe hesabu ya kilichokusanywa na kilichotumika. Hesabu ikisomwa hadharani, fitina hukosa chakula.

Nne, kibali kifuate mwendo wa mfuko wa mwananchi. Wengi wetu hujenga msingi mwaka huu, kuta mwakani, na kuezeka Mungu akijaalia. Kibali kinachokufa kabla ya nyumba kwisha humrudisha mtu mwanzo wa foleni. Tunaomba kibali cha hatua kwa hatua, chenye ada ya hatua kwa hatua, na ukaguzi wa lazima katika nyakati tatu: kabla ya zege la msingi, kabla ya zege la linta na sakafu ya juu, na baada ya kuezeka. Aidha, Idara zinazohusika zitoe ramani za mfano za nyumba ndogo, zilizokwisha kupitishwa na wahandisi, ili asiye na uwezo wa kumlipa mchora ramani asikose nyumba salama.

Tano, wale waliokwishajenga katika mashamba ya eka tatu bila ya hati wawekewe muda na utaratibu wa kujitokeza, nyumba zao zikaguliwe, zilizo imara zisajiliwe, na zilizo katika njia za maji zielezwe ukweli mapema. Kumwambia mtu ukweli kabla hajapiga plasta ni huruma. Kumwambia baada ya miaka ishirini ni adhabu.

Nasi kwa upande wetu hatuji mikono mitupu. Tunaahidi kuwa fundi atakayetumia mchanga wa pwani usiooshwa, au atakayemwaga zege kabla ya ukaguzi pale mkaguzi alipoitwa na kufika kwa wakati, hatutamtetea mbele ya mtu yeyote. Tunaahidi kuwafundisha vijana wetu vipimo sahihi vya zege na matofali, maana fundi wa leo hujifunza kwa fundi wa jana, na kosa hurithiwa kama ustadi unavyorithiwa. Na tunaahidi kuwashauri wateja wetu wasianze msingi bila ya kibali, mradi kibali kiwe ni kitu kinachopatikana.

Ndugu Watumishi wa Serikali, natambua kuwa kazi yenu si nyepesi. Mkaguzi mmoja hupewa eneo kubwa, hana usafiri, na kila anapofika huonekana adui. Wengi wenu mnaishi katika nyumba zilizojengwa kwa njia ile ile niliyoieleza, na mwalimu wa mfano wangu huenda akawa ni ndugu yako au ni wewe mwenyewe. Ada ikilipwa kwa hiari, mkaguzi atapata chombo cha kumfikisha kazini. Mkaguzi akifika kwa wakati, nyumba itasimama. Nyumba ikisimama, hakutakuwa na haja ya rangi nyekundu.

Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mji wetu unasifiwa duniani kote kwa milango yake iliyochongwa. Tunaomba sasa tuangalie na kuta zilizo nyuma ya milango hiyo, pamoja na watoto wanaolala ndani yake wakati mvua za masika zinaponyesha.

Ndugu Mwenyekiti, kwa heshima na taadhima naomba maombi haya yapokelewe, yajadiliwe, na tupewe jibu kwa maandishi, hata kama jibu la baadhi yake litakuwa ni hapana. Hapana iliyoandikwa na kutolewa sababu ni bora kuliko ndiyo isiyofika.